Kilio cha Mama Kwenye Spika

Wiki nzima mmenipigia simu mkiuliza swali moja tu: ile sauti ilikuwa ya mama yake kweli, au masikio ya Burulai yalimdanganya? Ilikuwa ya mama yake. Na kama mnadhani ninyi mmekasirika, ngojeni niwasimulie alivyokasirika yeye.

Turudi pale pale basi. Ni jijini Bishkek, jioni ya Oktoba, saa moja na nusu, giza limeshaingia. Makumbusho ya Sanaa ya Ak-Kiyiz yamegeuzwa ukumbi wa disko. Mazulia ya sufu yaliyoshonwa na mabibi waliokufa zamani yamemulikwa kwa taa za zambarau, na vijana mia tatu wanaruka juu ya marumaru, vikombe vya maksym, kinywaji cha nafaka, mkononi. Burulai, fundi wa kushona upya mazulia hayo, amewekwa katikati yao ahakikishe hakuna anayeyamwagia kinywaji. Na kutoka kwenye spika nne ndefu kuliko mtu, mama yake anamlilia baba yake.

"Nani atakushusha farasini, mwamba wangu? Nani atakufungulia mlango ukirudi..."

Mdundo ukaangukia juu ya neno la mwisho. Vijana wakapiga kelele za furaha na kuinua mikono.

Baba yake Burulai, Jakyp, dereva wa makumbusho haya haya, alikufa miaka saba iliyopita lori lilipotumbukia bondeni kwenye mlima wa Dolon, wakati wa theluji. Burulai alikuwa masomoni Kazan. Alifika kijijini siku ya tisa, baba akiwa amekwisha kuzikwa, na mama yake, Sayra, akiwa amelia mpaka sauti imekatika. Alimkumbatia binti yake bila kutoa neno hata moja, na tangu siku hiyo huongea kwa kukwaruza. Kilio cha siku ya maziko, kile ambacho mjane hukiimba akiwa amewapa watu mgongo na maiti ya mumewe imelazwa ndani ya hema, Burulai hakuwahi kukisikia.

Kulikuwa na jambo lingine pia la siku ile ya ajali, dogo, la dakika moja, ambalo Burulai hakuwahi kumwambia mtu. Hilo tuliweke kando kwanza.

Kilio anakisikia leo, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Na watu wanakikatia viuno.

"Nitaua mtu," alisema kwa sauti. Msichana aliyekuwa kando yake akacheka na kupiga makofi, akidhani anamsifu DJ.

Akaanza kusukuma watu. Kiwiko huku, bega kule, samahani hakuna. Kichwani mwake lilikuwamo jambo moja tu: mama yuko chini. Sayra naye anafanya kazi humu humu. Ni mmoja wa wale kina mama wanaokaa kitini kutwa nzima kukwambia usiguse. Leo walimshusha chini kupokea makoti ya wageni. Kuta za chini ni nene, pengine anasikia mtikisiko tu. Lakini mtu akiacha mlango wa ngazi wazi, mjane atasikia kilio chake kinachezewa. Na kwao kilio hicho hakiimbwi hata kwa mzaha mahali ambapo hakuna aliyekufa. Kukiimba ovyo ni kukiita kifo kije mlangoni.

DJ alikuwa kijana mwembamba aitwaye Tilek, miwani ya duara, kofia nyeupe ya sufu ameivaa upande kama aliyevalishwa na mwenzake kwa utani.

"Zima!"

"Karibu, eje!" akamwita kwa heshima ya dada mkubwa. "Unataka wimbo gani?"

"Nimesema zima!"

"Eje yangu, nipe sekunde thelathini. Hapa ndipo mdundo unaporudi. Watu watapagawa."

"Utakayepagawa ni wewe, nikikung'oa hayo masikio. Unajua huyo mama anasema nini?"

"Anaimba."

"Nimekuuliza anasema nini, wewe mtoto wa mjini?"

Tilek akacheka kwa aibu. Kikirigizi chake ni cha kuombea chai kwa bibi yake; kwao huzungumzwa Kirusi asubuhi hadi usiku. "Maneno ya zamani yale mimi siyapati, eje. Si ni bibi harusi anaaga kwao? Nimeambiwa ni bibi harusi. Mpaka nimemwekea vigelegele."

"Ni mjane! Mbele yake kuna maiti! Na maiti hiyo ni baba yangu!"

Kijana akanywea. Kwa sekunde chache vidole vyake vilielea juu ya mashine, havijui pa kugusa. "Wallahi sikujua, eje. Wallahi. Mkurugenzi ndiye aliyenipa, akaniambia tengeneza kitu cha kuwarusha wageni."

Akanyoosha mkono kuzima. Mkono mwingine ukamdaka kifundo.

"Hakuna kuzima. Wageni wangu wanacheza."

Alikuwa mkurugenzi mwenyewe, Kadyrbek, suti ya bluu, marashi ya kukaba koo, tabasamu la kupigia picha. Hakumtazama hata Burulai. "Wewe rudi kwenye mazulia yako."

"Kadyrbek baike," alisema Burulai, na bado alimwita kaka mkubwa, kwa adabu aliyofunzwa, "hiyo sauti ni ya mama."

"Najua ni ya nani. Nilimnasa mimi."

"Ulimnasaje? Wanaume hawaingii kwenye hema la mjane."

"Nani kakwambia niliingia? Niliinua ukingo wa sufu ya hema kwa nyuma, nikasukumia kinasa sauti chini yake, nikaenda zangu kula na wenzangu. Utafiti huo. Mama yako ana kipaji, ulitaka kipotee bure? Sema asante kwa aliyekihifadhi."

Wasomaji wangu, nimeandika uhuni mwingi kwenye ukurasa huu, lakini hapo niliiweka kalamu chini nikaenda kunywa maji. Mwanamke anamlilia mumewe, na mtu mzima anajikunja nyuma ya hema kama mwizi wa kuku kumwibia kilio.

"Alikuwa analia!" Burulai alipiga kelele.

"Na sasa anachezwa. Ndiyo sanaa hiyo. Halafu punguza sauti, kuna mabalozi humu."

"Kadyrbek!"

Jina tupu, bila kaka, bila nini. Tilek akaacha mdomo wazi. Miaka saba hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwita mkurugenzi hivyo, na mwenyewe alishtuka, kisha akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Aa, heshima imekwisha? Haya. Baba yako alipanda mlimani peke yake, usiku wa theluji, amelewa, akaniangamizia lori na mazulia kumi na mawili. Nilimfanya nini? Nilimpa mkewe kiti. Wewe nikakupa sindano na uzi. Leo unanipandishia sauti mbele ya wageni?"

Peke yake, amelewa. Maneno hayo yamo kwenye ripoti, na Burulai ameyameza miaka saba kwa sababu hakuwa na mengine ya kuweka badala yake. Jakyp ambaye hata maziwa ya farasi yaliyochacha aliyakataa! Safari hii maneno yalimkwama kooni, hayakushuka.

Akainama chini ya meza, akakamata waya mnene kuliko wote, akaung'oa.

Ukumbi ukawa kimya ghafla. Halafu miluzi.

"Rudisha bwana!"

"Jamani, hata makumbusho umeme unakatika?"

"Nani kamruhusu huyo mama kugusa vitu?"

Kadyrbek aliinua mikono kuwatuliza. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa, ukasikika mlio mdogo kutoka kwenye ngazi, cheng, cheng, vipande vya shaba vinagongana. Ni vile vibati vya namba za makoti. Vilikuwa vimetungwa kwenye kamba, na kamba ilikuwa mkononi mwa Sayra.

Alipanda ngazi pole pole, koti la bluu la kazini, kitambaa cheupe kichwani. Vijana wakampisha bila kuambiwa.

Burulai akamkimbilia, waya bado mkononi. "Apa, rudi chini, mama yangu. Ni mashine tu imeharibika."

"Mashine haijaharibika. Nimesikia tangu mwanzo," alisema Sayra kwa sauti yake ya kukwaruza. "Mlango wa ngazi haujawahi kufungika vizuri, na nimeshawaandikia barua mbili."

"Apa, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyeninasa?"

Akampita, akaenda moja kwa moja kwa Tilek, Burulai nyuma yake. Kijana alikuwa amesimama wima, mkono kifuani.

"Apa, nisamehe mimi. Sikuelewa maneno."

"Naona. Ungeyaelewa usingekata pale ulipokata. Unayo yote?"

"Yote, apa. Dakika arobaini."

"Uliisikiliza mpaka mwisho?"

"Mara kumi. Ila mwishoni sauti inashuka, inakuwa kama unaongea na mtu. Haikunifaa kwa kucheza."

"Na huyu?" Sayra alimwonyesha mkurugenzi kwa kidevu.

Tilek alisita. "Alinitupia kinasa sauti na vumbi lake juu. Sidhani kama aliwahi kukifungua zaidi ya mwanzo."

"Angekifungua saa ngapi? Alikuwa anawahi nyama." Mama akashusha pumzi. "Weka mwisho, mwanangu."

Kadyrbek alicheka. Kisha kicheko kikamkatikia njiani, maana alikuwa ameanza kukumbuka kwamba wajane husema mambo. Na hapo, ndugu zangu, mambo yakageuka. Yule aliyekataa muziki kuzimwa akapiga makofi mawili makali.

"Sherehe imekwisha! Taa ziwashwe! Kila mtu akachukue koti lake!"

"Makoti hayatoki," alisema Sayra, akatikisa kamba yake ya vibati. "Namba ninazo mimi."

Mtu akacheka nyuma. Mwingine akasema, "Bibi, wape!"

"Tilek, ukigusa hiyo kompyuta hutapiga muziki tena mji huu."

Tilek alikwisha kuigusa. Kidole chake kilikuwa kimesukuma ule mstari wa sauti hadi karibu na mwisho. Lakini spika zilikuwa zimekufa, na uhai wake ulikuwa ndani ya ngumi ya Burulai. Kijana akamtazama. Mama akamtazama. Ukumbi mzima ukamtazama.

Hebu fikirini. Ametoka mbio kuja kuinyamazisha sauti hiyo. Amesukuma watu, ametukana, amemvunjia heshima mkubwa wake, ili mtu yeyote asiisikie tena. Sasa anaombwa aifungulie.

"Apa, mbele ya watu hawa wote? Waliokuwa wanaichezea?"

"Niliwaambia wanawake wa ndani ya hema. Wazee wa nje nao walisikia, sufu haizuii sauti, wakaendelea kutafuna. Mjane ana siku moja tu ya kusikilizwa, binti yangu, na ya kwangu watu walikuwa wanakula. Chomeka."

Kadyrbek akamrukia. Alimkamata Burulai mkono na kuupinda nyuma, marashi yake yote usoni mwake, akimnong'oneza, "Nitakufukuza wewe na huyo mchawi usiku huu huu." Burulai alimkanyaga kwa kisigino kwa hasira zote za miaka saba. Mkurugenzi akaachia, akaruka kwa mguu mmoja. Burulai akapiga magoti, akachomeka.

Hakukuwa na mdundo. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, kavu, karibu kabisa.

"Mliondoka wawili langoni kwangu, Jakyp. Wewe usukani, yeye kando yako, mazulia nyuma. Niliwafungia lango kwa mkono wangu huu. Mliondoka wawili, amerudi mmoja."

Waliojua lugha wakakauka. Wasiojua wakawauliza wenzao, na tafsiri ikaanza kupita kwa Kirusi, mdomo kwa sikio, kutoka jukwaani hadi kwenye milango. Amesema nini? Amesema walikuwa wawili. Garini? Garini.

"Umelala mbele yangu na baridi ya Dolon mwilini. Aliyerudi yuko nje ya hema hili. Anakula nyama yako."

Kadyrbek alipata sauti. "Porojo! Kilio cha mwanamke aliyechanganyikiwa! Kuna jina humo? Mmesikia jina?"

Kweli, jina halikuwamo. Sayra hakulitaja siku ile, mjane halitaji. Mkurugenzi aliliona hilo, akaanza kunyoosha tai yake.

Lakini kinasa sauti hakikuwa mdomoni mwa Sayra. Kilikuwa chini ya ukingo wa sufu, nusu ndani, nusu nje, pale pale alipokisukuma Kadyrbek mwenyewe kwa mikono yake miwili. Kilichukua ya ndani, kikachukua na ya nje. Mjane alinyamaza kuvuta pumzi, na katika kimya hicho spika nne zikatoa mlio wa bakuli, wanaume wakicheka, na mzee mmoja akigawa nyama kwa sauti ya ukarimu:

"Kadyrbek, wewe ndiye uliyekuwa na marehemu njia nzima, huwezi kukaa huko nyuma. Sogea. Hili paja ni lako."

Na sauti ya pili, ya ujana kidogo, ila tabasamu ni lile lile: "Mungu awazidishie, mzee wangu. Nipe na mafuta."

Hakuna aliyepiga mluzi. Tafsiri ilipita tena, na safari hii ilipita haraka. Simu zikaanza kuinuliwa, moja, kumi, mia, zote zikimmulika mtu mwenye suti ya bluu. Balozi mmoja alikiweka kikombe chake chini, juu ya ukingo wa zulia la karne iliyopita, na kwa mara ya kwanza jioni ile Burulai hakujali.

Tilek akazima mwenyewe.

Sayra alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mkurugenzi. Hakupandisha sauti, hana ya kupandisha. "Ulinipa kiti ili ninyamaze. Nilikaa. Kunyamaza sikukuahidi. Miaka saba kila siku unapita mbele yangu, nakuangalia, unaangalia pembeni." Akasogea hatua moja. "Nikuulize leo, Kadyrbek. Lile paja lilikuwa tamu?"

Jasho lilikuwa linamtiririka mkurugenzi nyuma ya masikio. Alitazama mlango, umejaa watu. Alitazama simu. Kisha macho yake yakatua kwa Burulai, na akaonyesha meno.

"Unaniuliza mimi? Muulize binti yako! Mimi nilimwambia Jakyp tulale chini ya mlima, theluji imeanza. Alishakubali! Ndipo simu yake ikalia, tukiwa tumeshasimama kabisa, na aliyepiga ni huyu hapa, kutoka Kazan. Alipoikata akawasha gari, hakunisikiliza tena. Mimi nikateremka. Nani alimuua basi, mimi au yeye?"

"Umesema 'tukiwa'," alisema Tilek taratibu. "Sasa hivi tu ulisema alikuwa peke yake."

Ukumbi ulilipuka. Watu walikuwa wanazomea, wanarudia neno hilo moja, tukiwa, tukiwa, wengine wamesogea kufunga njia ya mlangoni. Kadyrbek amejivua nguo mwenyewe mbele ya watu mia tatu. Burulai alikuwa ameshinda: aliyesema uongo kuhusu safari, nani atamwamini kuhusu ulevi? Jina la baba yake lilikuwa limesafishwa kwa mdomo wa yule yule aliyelichafua.

Lakini Burulai hakuwa anasikia. Alikuwa amesimama na vumbi magotini, anasikia sauti yake mwenyewe ya miaka saba iliyopita, sauti ya msichana wa mjini mwenye haraka: Baba, fika mjini leo unitumie ada, la sivyo basi. Ukishindwa leo usinipigie tena.

Dakika moja. Hakuwahi kumwambia mtu.

Kelele zote zile, na mtu mmoja tu hakuwa anamtazama Kadyrbek. Kamba ya vibati ilimdondoka mkononi, namba za makoti zikatawanyika kwenye marumaru. Sayra alikuwa amemgeukia binti yake.

"Simu gani, Burulai?"